Gesi ni Gesi

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na mjukuu wangu mwenye maswali mengi. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia bado linadai heshima kila nikitaka kuinuka kwenye cherehani, lakini tumeshazoeana. Utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu wewe husema "sawa shangazi, sawa shangazi" mpaka salio linakatika. Barua haikatiki, na ukishaisoma huwezi kusema hukusikia.

Tangu uondoke, mtaa mzima umenijua. Dereva teksi wa nyumba ya mwisho hanipiti bila kupiga honi. Mama wa dukani ananitolea kiti, mimi ambaye miaka yote nilisimama na goti langu nikingoja chenji. "Fundi Baridi ametuponya," ndivyo wanavyosema. Wewe, uliyekuwa ukilia ukitumwa chumvi peke yako! Nilipokuona pale uani ukijaza watu gesi ya AC na geji zako, moja ya bluu na moja nyekundu, magari yamepanga foleni hadi kwenye geti la mwalimu mstaafu, nilivimba kichwa, sikufichi. Na hukumtoza mtu hata senti. Hilo ndilo wanalolirudia zaidi.

Jikoni kuna kajambo kadogo. Mtungi wangu wa gesi ulikwisha ulipoondoka tu, na ulikuwa haujamaliza hata wiki. Nadhani ni zile chai mlizokuwa mnachemsha kutwa. Angekuwa mtu mwingine ningemsema, wewe nimekuachia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nesi wa nyumba ya pili, yule mwenye mimba, anasema gari lake limeanza tena kupuliza hewa ya moto. Amesema kwa upole, ila nimeona amechoka. Akitoka zamu miguu imevimba, halafu anakaa ndani ya gari kama mtu aliyewekwa mbele ya jiko. Nimwambie nini?

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia hapa karakana ikiwa na alama za oili za kila aliyeishika kabla yangu. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema lile gauni ulilomshonea sasa ndilo la kila mwaliko. Mtoto ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Haya kaitoa wapi sijui.

Kuhusu gari la nesi, asihofu, mambo haya hutokea. Mwambie abadilishe kile kichujio cha hewa kilicho nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kikijaa vumbi, hewa haipiti. Pia amwagie maji kondensa, ule wavu wa chuma ulio mbele ya radieta, maana wadudu na matope hujaa pale. Na ajitahidi kuegesha kivulini.

Ila nakuomba jambo moja, shangazi. Asimruhusu fundi mwingine kufungua mabomba ya AC wala kuunganisha geji zake. Yeye na wengine wote. Waache hivyohivyo mpaka nipate nafasi ya kuja. Mafundi wawili kwenye kazi moja huleta vurugu.

Mtungi nisamehe. Ni kweli tulikunywa chai nyingi.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Natumaini mko salama na jino la mjukuu wangu limeanza kuchungulia. Mwambie acheke tu, mimi nimebakiwa na machache na nacheka kila siku. Mvua imenyesha kidogo, uani kumekauka tena. Nina kazi ya sare za shule mpaka juu ya kitanda.

Kichujio wamebadilisha, kondensa wameosha. Hakuna kilichosaidia. Na sasa si nesi peke yake. La mwalimu linapuliza joto, la dereva teksi pia. Abiria wake wanashuka wamelowa jasho, wanamnunia.

Ngoja nikupe kali zaidi. Nesi hakungoja, akaenda kwa yule fundi wa kona, yule aliyehamia hapa mwaka jana, tunayemwita Kimya kwa sababu ukimsalimu anaitika kwa kichwa. Kimya akaunganisha geji zake, akazitazama kidogo, akamwambia nesi, "Gesi ya AC haiishi kama mafuta. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Aliyejaza hakutafuta." Hayo tu! Akazifungua geji, akaendelea na kazi zake.

Damu ilinichemka. Nilikwenda dukani jioni watu wakiwa wamejaa, nikasema nilichosema. Nikawaambia mwanangu anafanya kazi hii kwenye karakana kubwa, na magari yote yalitoka uani kwangu yakiwa baridi, kila mtu alikaa ndani akatetemeka. Sasa huyu Kimya ndiye wa mwisho kushika la nesi. Na kabla ya hapo hayo mengine yalilala wapi? Barabarani, karibu na kona yake. Mtu aliyekaa kutwa bila mteja huku mwenzake akisifiwa, atakosa la kufanya? Nikawaachia wamalizie wenyewe, nao wakamalizia. Dereva teksi aliondoa gari lake pale kwa Kimya siku ileile, breki hazijafungwa vizuri.

Sasa niandikie mistari michache ya kuthibitisha kwamba kazi yako ilikuwa safi, niwasomee.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Kazi zimekuwa nyingi, halafu mtoto alipata homa, sasa hajambo. Mke wangu amehamishiwa tawi jingine, anatoka nyumbani mapema. Tunapishana mlangoni.

Umetaka nieleze kuhusu kazi. Gari likija kujazwa gesi ya AC, kwanza inatakiwa gesi ya zamani itolewe yote kwa mashine. Kisha pampu iunganishwe, ivute hewa na unyevu wote uliobaki ndani ya mabomba. Hapo inatakiwa pampu izimwe na fundi angoje akiwa anaangalia mshale wa geji. Mshale ukitulia, mfumo hauvuji. Ukirudi, unavuja, na ni lazima patafutwe panapovuja kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni vile vipira vidogo vya kwenye maungio. Kisha inatakiwa kuongeza oili ya kompresa, na mwisho kujaza gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, si kwa kukadiria. Kazi kama hiyo kwa gari moja huchukua nusu ya asubuhi. Ikifanywa hivyo, gari hukaa miaka.

Kuhusu huyo fundi wa kona, sina la kusema.

Mwambie dereva teksi asivute sigara ndani ya gari. Si nzuri kwa afya yake, wala kwa abiria. Mwambie tafadhali.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Nashukuru mtoto amepona. Mimi mzima.

Barua yako niliibeba dukani nikiwa nimevaa gauni la kutokea. Nikasimama, nikaisoma kwa sauti. Nilipofika katikati, masikio yangu mwenyewe yakaanza kunisumbua. Inatakiwa itolewe. Inatakiwa ivutwe. Inatakiwa angoje. Mwalimu mstaafu, unamjua, hakuna neno linalompita, akaniuliza kwa upole, "Na yeye alifanya hivyo?" Nikasema, "Si ndiyo ninayosoma hapa?" Nikaikunja kabla sijafika kwenye ile ya sigara.

Mimi ni mshonaji. Mteja akiniuliza kama nimepiga overloki ndani ya mshono, simwambii overloki inatakiwa kupigwa. Namgeuzia nguo aone.

Siku ile uani nilikuwa natoka na kuingia na vikombe. Geji niliziona. Mtungi wako mdogo niliuona. Pampu sikuiona. Wala hukumaliza nusu ya asubuhi kwa gari lolote, maana kufikia saa nane foleni yote ilikuwa imekwisha na watu wanakubeba mabegani.

Kwa Kimya hakuna gari. Mtu ameandika kwa mkaa kwenye geti lake, MHARIBIFU. Nimepita nikaona. Yeye alikuwa amekaa ndani kwenye tairi, anasafisha spana zilizokwisha kuwa safi, na hakulifuta lile neno.

Niandikie neno moja tu. Ulifanya, au ulilipua kazi?

Shangazi


17 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kwa dereva wa basi nimekutumia nyuzi za rangi ulizosema hazipatikani huko, zipu, na sindano za cherehani namba unayotumia. Mke wangu ameongeza vitambaa viwili. Mtoto amejifunza kuandika jina lako na ameliandika nyuma ya bahasha, mkono ni wake mwenyewe.

Goti likandwe kwa maji ya uvuguvugu. Usikae muda mrefu bila kulinyoosha.

Wasalimie wote.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Nyuzi zimefika. Jina langu nimeliona nyuma ya bahasha, nimelikata nikalibandika juu ya cherehani. Nesi amejifungua salama, mtoto wa kiume. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza ili nisiziharibu.

Wiki iliyopita mwalimu alikuja kwangu amekasirika. Kumbe alipeleka gari kwa Kimya kwa kificho ili nisijue, na sasa Kimya amekataa kulitoa. Anasema gari halitoki mpaka lishughulikiwe. Mwalimu akaniambia, "Wewe ndiye unayejua vituko vyake, twende." Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha.

Kimya hakugombana. Alimwambia mwalimu angoje nje, mimi akaniita ndani. "Mama, sogea hapa." Boneti ilikuwa wazi. Akabonyeza kitu kidogo kwenye bomba, kikatoa sauti ya kuzomea, akaachia mara moja.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Hiyo si gesi ya AC," akasema. "Yenyewe haina harufu hiyo. Hiyo wewe mwenye jiko unaijua."

Mwanangu, harufu ile naijua. Nimepika nayo miaka yote. Nikakalia tairi lake. Nikamuuliza kwa nini hakusema, wakati watu wanamwandikia matusi getini. Akasema, "Ningesema mimi, mngesema najitetea."

Nikamwomba radhi palepale. Nililia, na unajua mimi si mtu wa machozi. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Yale uliyasema dukani. Hapa tuko wawili." Akarudi kwenye kazi.

Hujaniandikia lile neno moja, basi sikuulizi tena. Ila kuna jambo ambalo na mimi nimelikalia kimya tangu barua ya kwanza, nikajifanya nahesabu vikombe vya chai. Nilitoka na sinia nikakukuta umeinama unautikisa mtungi wako mdogo. Ukaniambia chinichini, "Shangazi, gesi imekwisha." Watu walikuwa wanatutazama. Nikajibu kwa sauti, ili wasikie kwamba kwangu hakuna kinachokwisha, "Gesi tu? Gesi ni gesi, mtungi uko jikoni!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Kisha nikaingia ndani kukata mkate, na mtungi ulipopita mlangoni nikageuza uso.

Sikujua ubaya wake. Nilijua tu kwamba si kitu cha kuangalia.

Kimya anasema gesi hiyo hushika moto. Ikivuja ikaingia ndani ya gari, cheche moja inatosha. Nesi sasa anabeba mtoto mchanga humo. Niambie ni magari yapi. Niambie leo.

Shangazi


5 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ameahidi kuileta hadi mlangoni kwako.

Ni yote isipokuwa pikapu ya mama wa dukani, ambayo ilikuwa ya kwanza. La nesi ndilo lililokuwa kwenye geji gesi yangu ilipokwisha, kwa hiyo lina nusu ya gesi yangu na nusu ya jikoni. La mwalimu, la teksi na yaliyofuata yana ya jikoni tupu. Waambie wasiwashe AC kabisa. Wasivute sigara ndani wala karibu na boneti, na yeyote asichomelee chuma kwenye magari hayo. Waegeshe nje, si ndani ya banda. Wakisikia harufu, washuke na waache milango wazi. Mwambie Kimya, ingawa nadhani anajua, asiivute kwa mashine yake ya kawaida.

Sikutafuta kuvuja hata kwa gari moja. Pampu niliiacha huku kwa sababu ilikuwa nzito kubeba kwenye basi, na nilidhani nitafanya mawili tu, pikapu ile na la nesi. Walipoanza kujipanga nilipaswa kusema. Nilishindwa kusema sina. Ulikuwa unawatajia watu jina langu kwa fahari, nikaona nikitamka neno hilo nitakuangusha mbele yao.

Nikueleze kinachoninyima usingizi. Hapa karakana mimi ndiye ninayepokea magari. Likija lenye gesi ya kupikia nalikataa getini, na fundi aliyeijaza namsema mbele ya mteja wake, namwita muuaji. Nimemwita hivyo mtu mwezi huuhuu, kisha nikakaa nikala chakula cha mchana. Na ulipoandika kwamba umemtaja Kimya, nilijua saa ileile kwamba hana kosa. Niliikunja barua nikaiweka mfukoni. Nilikaa nayo siku nyingi. Kusema ukweli, nilitumaini mambo yatapoa yenyewe. Naona haya, shangazi. Sijawahi kuona haya namna hii.

Ukienda kuwaambia, sema ni mimi. Usijitaje. Ulitania tu.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Natumaini mko wazima. Mimi nilikuwa sijisikii vizuri siku mbili tatu, sasa nimeinuka.

Habari ya hatari nilizunguka nayo nyumba kwa nyumba siku ileile dereva aliponiletea barua. Nilisema tu kwamba ndani ya AC kuna gesi ya jikoni, wasiiguse, mengine nitawaeleza. Nesi alinisikiliza akiwa amempakata mtoto. Hakunikaribisha kukaa, naye ni mtu wa kukaribisha.

Ya Kimya nilichelewa. Nilikwenda dukani mara mbili nikarudi na sukari nisiyoihitaji. Ukifikiria, kumpaka mtu matope kulinichukua pumzi moja.

Mara ya tatu nilikwenda nikamwomba Kimya aje. Alikuja, akasimama nyuma, karibu na magunia. Mama wa dukani akanitolea kiti kama kawaida, nikakataa. Nikasema, "Kimya hakuharibu gari la mtu. Niliyasema mimi hapahapa na nilisema uongo, sikuwa na ushahidi wowote. Aliyeharibu ni mwanangu, na gesi ilitoka jikoni kwangu, na maneno ya gesi ni gesi ni yangu." Uliniomba nisijitaje. Ungetaka nimsafishe mtu kwa nusu ya ukweli?

Dereva teksi alikuwa na sigara sikioni, akaitoa akaiangalia. Mama wa dukani akaanza kucheka lile neno, gesi ni gesi, kisha akaona hakuna anayemfuata akanyamaza. Mwalimu ndiye aliyesema, "Tulikubali upesi kwa sababu si wa kwetu." Aliwaambia wote, na yeye akiwemo. Kimya aliitika kwa kichwa, akatoka. Kesho yake lile neno la getini lilikuwa limefutwa, sijui na nani.

Anakubali uje. Masharti yake ni mawili. Utafanyia kazi kwake, si uani kwangu. Na kabla hujafungua boneti yoyote utamwambia mwenye gari, kwa mdomo wako, ulichomwekea. Barua za shangazi hazitoshi, ndivyo alivyosema.

Njoo na pampu.

Shangazi


23 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Mke wangu na mtoto hawajambo. Mtoto ameuliza mbona sikuleta zawadi kutoka kwa bibi, nikamwambia nimesahau begi. Nimezidi kuwa mwongo hata kwa vitu vidogo.

Najua hukuona yote, kwa sababu ulikataa kuja pale kona, ukasema ukija watu watanionea huruma. Basi nikusimulie. Kimya alinionyesha pa kuweka pampu, akaniachia meza nzima. Hakunisemesha zaidi ya kazi. Tulianza na la mwalimu. Nilisema nilichotakiwa kusema, akajibu, "Nimekusikia," akaenda kukaa chini ya ukuta na gazeti. Dereva teksi alinitukana, na nilifurahi kutukanwa.

Nesi alikuja na mtoto mgongoni. Nilimwambia. Akaniuliza, "Ulijua nina mimba?"

Nikasema, "Nilijua."

"Na ulijua inawaka?"

"Nilijua."

Akanyoosha mkono na funguo. Nikanyoosha wangu. Akanipita, akampa Kimya.

Gesi ya jikoni tuliitoa polepole nje, kwenye uwazi, betri zimefunguliwa na hakuna moto karibu. Tukasafisha mabomba kwa naitrojeni, tukavuta kwa pampu, tukangoja. Kila gari, tukangoja. La nesi mshale ulirudi. Tulirudisha naitrojeni kwa shinikizo, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio na likatoa mapovu kwenye ungio la kwanza tulilogusa. Kilikuwa kipira kimoja kilichokauka, cha ukubwa wa kifungo cha shati. Ningekiona siku ile kama ningekuwa na subira ya kunywa kikombe kimoja cha chai. Kimya alikitoa, akakiweka kwenye kiganja changu, akaenda kuleta kipya.

Tulipomaliza aliniambia, "Kazi unaijua." Nilidhani ataendelea, hakuendelea. Hilo ndilo linalonirudia, shangazi. Afadhali angesema siijui.

Nisamehe nilivyoondoka. Ulikuwa umesema utanisindikiza hadi stendi, na njia inapita dukani. Nilisikia unachemsha maji, nikatandika kitanda, nikatokea mlango wa nyuma. Sikuweza kupita pale ukiwa umenishika mkono.

Mwanao


10 Agosti

Mwanangu,

Barua imefika. Goti ni lilelile. Sare za muhula zimekwisha, sasa nashona mapazia ya mtu.

Nilikuona ukitoka. Dirisha la jikoni linaangalia mlango wa nyuma, umesahau. Sikukuita kwa sababu nilijua unachokimbia, na mimi nilikuwa nacho kimejaa humu ndani. Nilizima jiko, nikaenda dukani peke yangu kununua mkate.

Magari yote ni baridi. Nesi anasema mtoto analala safari nzima. Kwa Kimya kuna foleni asubuhi, na mtu akitoka kwake anaacha kumsifia, maana akisifiwa anakuwa mkali. Juzi aliniletea ovaroli lake nibadilishe zipu. Nikamwambia aliache. Akauliza lini, nikamwambia kesho, akaitika kwa kichwa. Hajanisamehe, na sijamwomba aharakishe. Zipu nimeweka ile nzito uliyonitumia.

Mimi watu wananisalimu. Wananiuliza goti, wananiuliza kazi, dukani nasimama na wengine na hakuna anayeniweka pembeni. Hawana ubaya. Ila tangu uondoke, hakuna hata mmoja aliyetaja jina lako. Mwanzoni nilidhani wamesahau. Halafu nikagundua kwamba wananistahi, wanalikwepa jina lako ili wasiniumize, na mimi nasimama pale nangoja mtu mmoja tu aniulize habari zako, nimjibu kwamba upo, unafanya kazi, una mke na mtoto.

Hawataniuliza. Basi nakuuliza mimi, na safari hii usinijibu habari za mkeo wala za mtoto.

Hujambo, mwanangu?

Shangazi yako